Folda ya Kila Mtu

Karibu kila ofisi ya Nairobi yenye kompyuta zaidi ya tatu ina folda moja ambayo hakuna anayekumbuka nani aliianzisha. Wengine huiita "Public", wengine "Shared", wengine "Scan" kwa sababu ndiko mashine ya fotokopi hutupia kila karatasi inayosoma. Ukiifungua utakuta picha za harusi ya mtu aliyeacha kazi kitambo, kopi za vitambulisho vya wateja, barua ya kumfuta mtu kazi, nyimbo za injili, na faili ya mishahara iliyopewa jina "mishahara final final 2". Mgeni akipewa paswedi ya WiFi ya ofisi, naye anaiona.

Tangu niache chuo nimefanya vibarua vya kurekebisha kompyuta katikati ya kuandika, na folda ya aina hii nimekutana nayo mara nyingi kuliko virusi. Nikimwonyesha mwenye ofisi, huwa anauliza swali lile lile: "Kwani nani aliruhusu hii?" Jibu fupi ni kwamba kuna mtu alibonyeza "Everyone" Ijumaa jioni ili aende nyumbani. Jibu refu lina miaka zaidi ya 40. Linapitia IBM, chumba cha mwanafunzi Canberra, na mahakama ya Luxembourg. Wacha nilitoe lote, kwa sababu ukilijua hutaiangalia hiyo folda vile ulivyokuwa ukiiangalia.

Tuanze kabla ya PC. Miaka ya 1970 kompyuta ilikuwa mashine moja iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Unix, iliyoanza kutengenezwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, ilikulia katika hali hiyo ya wengi kula sahani moja, kwa hivyo ilibidi iwe na adabu mapema. Kila faili ina mwenyewe, ina kikundi, halafu kuna wengine wote. Kwa kila mmoja wa hao watatu unajibu: anaweza kusoma? Anaweza kuandika? Anaweza kuiendesha kama programu? Zile namba mafundi hutamka kama mantra, 640, 755, 777, ni majibu tu ya maswali hayo. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1, kisha unajumlisha. Kwa hivyo 640 ina maana mwenyewe anasoma na kuandika, kikundi chake kinasoma tu, wengine hawapati kitu. 777 ina maana kila mtu afanye anachotaka.

PC ya IBM ilipotoka Agosti 1981 ilikuja na wazo tofauti kabisa. Hii ilikuwa kompyuta ya mtu mmoja. DOS, mfumo uliokuwa ndani yake, haukujua habari za mwenyewe na kikundi. Aliyekalia kiti ndiye mwenye kila kitu. Na kwa mashine iliyo peke yake mezani, hilo lilikuwa sawa.

Shida ilikuja ofisi ziliponunua PC kumi. Diski zilikuwa ghali, printa ilikuwa moja, na watu walikuwa wakitembeza faili kwa disketi kutoka meza hii hadi ile. Mwaka 1983, mhandisi wa IBM aitwaye Barry Feigenbaum alibuni njia. Programu ikiiomba DOS ifungue faili, ombi hilo lingekamatwa njiani, lifungashwe, litumwe kwa waya hadi kompyuta nyingine, na jibu lirudi kana kwamba diski iko pale pale. Programu yenyewe isingejua imechezwa. Mwanzoni njia hiyo iliitwa BAF, herufi za jina lake, lakini kabla haijatoka rasmi ikabadilishwa kuwa SMB. Microsoft iliichukua, ikaipanua katika bidhaa yake ya LAN Manager, na Oktoba 1992 ikaiweka katika Windows for Workgroups. Kuanzia hapo, ofisi ndogo isiyo na fundi ingeweza kubonyeza folda na kuigawa.

Ona kilichotokea hapo. Mfumo uliolelewa na wazo la mtu mmoja sasa uliunganishwa kwa waya na mifumo mingine ya mtu mmoja mmoja. Swali la "nani anaruhusiwa" lilikuja baadaye, kama kufuli iliyonunuliwa baada ya nyumba kuhamiwa.

Upande wa Unix, kampuni ya Sun ilikuwa imetoa njia yake, NFS, mwaka 1984, na mwaka 1989 maelezo yake yakachapishwa ili mtu yeyote aweze kuiunda upya. SMB haikuenda hivyo. Maelezo ya matoleo ya zamani yalikuwepo hapa na pale, lakini Microsoft iliendelea kuongeza maneno mapya kwenye lugha hiyo bila kuyaeleza yote. Kwa hivyo ofisi ya miaka ya 1990 yenye seva ya Unix na kompyuta za Windows ilikuwa kama nyumba ambayo baba na watoto hawaelewani lugha.

Hapo ndipo anaingia Andrew Tridgell. Desemba 1991 alikuwa na miaka 24, mwanafunzi wa uzamivu katika Australian National University, Canberra. Alitaka kutumia programu fulani ya kampuni ya DEC kwenye PC yake, lakini programu hiyo ilitaka mtandao wa DEC, na faili zake yeye zilikuwa kwenye seva ya Sun. Njia mbili hazikukubali kukaa pamoja ndani ya PC moja. Mtu mwingine angelalamika au angengoja idara inunue kitu. Yeye aliamua kuifundisha seva ya Sun ijifanye seva ya DEC. Hakuwa na kitabu cha lugha hiyo. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuangalia vifurushi vya data vikipita kwenye waya.

Baadaye sana alikuja kueleza mbinu hiyo kwa mfano wa mkahawa wa Kifaransa, na mpaka leo sijaona maelezo mazuri kuliko hayo. Chukulia hujui Kifaransa na huna kamusi. Unakaa kwenye mkahawa, unasikiliza. Mteja anasema maneno fulani, mhudumu analeta kahawa. Unayashika. Kesho unayasema wewe, uone utaletewa nini. Ukiletewa supu, unajua umekosea wapi. Ukifanya hivyo maelfu ya mara, siku moja unaongea. Na kompyuta ni mhudumu mvumilivu, haichoki kuulizwa neno lisilo na maana, kwa hivyo unaweza kujaribu kila neno linalowezekana, moja baada ya jingine, na kuandika lipi limejibiwa.

Januari 1992 alitoa toleo la kwanza bure kwa yeyote anayetaka. Hakujua kwamba lugha aliyojifunza ilikuwa SMB. Aliiacha karibu miaka miwili, hadi alipotaka kuunganisha kompyuta ya mkewe yenye Windows na yake yenye Linux pale nyumbani. Alijaribu ule msimbo wa zamani, na ukakubali. Jirani wa mhudumu wa kwanza naye aliongea Kifaransa kile kile.

Jina lilipatikana kwa njia ya kuchekesha. Alikuwa akiiita smbserver, lakini mwaka 1994 kampuni moja iliyomiliki jina linalofanana ikamwandikia. Akaiagiza kompyuta itafute katika orodha ya maneno ya Kiingereza kila neno linaloanza na S, kisha lenye M na B kwa mpangilio huo. Katika machache yaliyopatikana, moja lilikuwa ngoma ya Brazil. Ndiyo maana leo seva nyingi sana za kugawa faili duniani, pamoja na vile visanduku vidogo vya kuhifadhi data ambavyo maduka ya Nairobi huuza bila kueleza kilicho ndani, zinaendeshwa na kitu kinachoitwa Samba.

Sasa tuingie ndani ya Samba yenyewe, kwa sababu historia hii inaishi kwenye faili moja fupi ya maandishi inayoitwa smb.conf. Tuseme ofisi ina watu 12, na watatu kati yao ni wa uhasibu. Fundi anaunda kikundi, kisha anaandika:

[uhasibu]
path = /srv/uhasibu
valid users = @uhasibu
read only = no
force group = uhasibu
create mask = 0660
directory mask = 0770

Usiogope, ni sentensi sita tu. Folda iko mahali hapa. Wanaoruhusiwa ni kikundi cha uhasibu, alama ya @ ndiyo inayosema "kikundi". Wanaweza kuandika, si kusoma tu. Kila kitu kitakachoundwa humo ni mali ya kikundi, hata kama kimeundwa na mmoja wao, ili akienda likizo wenzake wasikwame. Faili mpya isomwe na kuandikwa na mwenyewe na kikundi, wengine sifuri. Folda mpya vivyo hivyo, isipokuwa folda inahitaji ile namba 1 ya kuendesha ndipo mtu aweze kuingia ndani yake.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho huwachanganya watu, na ndicho huzaa ile folda ya kila mtu. Milango ni miwili. Wa kwanza ni wa Samba, kama askari wa geti: anaangalia orodha, anakuruhusu au anakurudisha. Wa pili ni wa Linux chini yake, kama mlango wa nyumba wenye ufunguo wake, zile namba za 640 na 770. Askari akikupitisha bado unahitaji ufunguo. Ukiwa na ufunguo bado unahitaji kupita kwa askari. Windows ina milango miwili ya aina hiyo pia, ruhusa za folda iliyogawiwa na ruhusa za faili zenyewe, na iliyo kali kati ya hizo mbili ndiyo hushinda.

Sasa mhasibu anapiga simu: faili haifunguki. Fundi anakagua geti, yuko sawa. Hajui kama shida ni mlango. Saa ni kumi na moja jioni, mdosi amesimama nyuma yake, tayari kuna matatu ya Rongai inamngoja. Anaweka 777 kwenye folda yote na kila kilicho ndani, kisha kwenye smb.conf anaongeza mstari wa kukubali wageni wasio na paswedi. Faili inafunguka. Watu wanapiga makofi. Jumatatu hakuna anayerudi kuifunga, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Ni rahisi kumlaumu huyo fundi, na mimi simlaumu sana, kwa sababu waliotengeneza milango wenyewe waliiacha wazi kwa miaka. Katika Windows 2000, ukigawa folda, ruhusa ya mwanzo ilikuwa kila mtu, uwezo wote. Ni baadaye, kufikia Windows Server 2003, ndipo ikawa kila mtu, kusoma tu. Na kuna kisa cha Windows 95, 98 na ME kinachofaa kusimuliwa kwenye baa. Mifumo hiyo ilikuruhusu kuiwekea folda paswedi. Oktoba 2000 Microsoft ilitoa marekebisho baada ya kugundulika kwamba kompyuta iliyobisha hodi ndiyo iliyoamua ni herufi ngapi za paswedi zilinganishwe. Ukisema "linganisha moja", ililinganisha moja. Kwa hivyo paswedi yako ndefu ya majina ya watoto wote ilikuwa, kwa mtu aliyejua, herufi moja tu ya kubahatisha.

Ajabu ni kwamba wakati milango ilikuwa hivyo, lugha yenyewe ndiyo iliyolindwa vikali. Windows ilipobadilika, watu wa Samba walirudi mkahawani kusikiliza upya. Mwaka 1998 Sun iliwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulaya: Microsoft ilikuwa imekataa kutoa maelezo ambayo seva za kampuni nyingine zilihitaji ili zifanye kazi vizuri na kompyuta za Windows. Tarehe 24 Machi 2004 Tume iliamua kwamba Microsoft ilitumia vibaya nguvu yake sokoni. Ilitozwa faini ya euro milioni 497, ikaamriwa itoe maelezo kamili ya jinsi seva za kikundi cha kazi zinavyozungumza. Ikakata rufaa. Watu wa Samba, Tridgell akiwemo, walisafiri hadi Luxembourg mwaka 2006 kueleza mahakama kwa nini maelezo hayo ni muhimu. Tarehe 17 Septemba 2007 mahakama ikakubaliana na Tume kuhusu jambo hilo.

Matokeo yake yalionekana Desemba 20 mwaka huo huo. Shirika dogo lisilo la faida, Protocol Freedom Information Foundation, lililipa Microsoft euro 10,000 mara moja, na watu wa Samba wakapata kusoma maelezo hayo na kuandika programu huru kutokana nayo. Baada ya karibu miaka 16 ya kusikiliza, wakapewa kamusi. Desemba 2012 ikatoka Samba 4.0, iliyoweza kufanya hata kazi ya seva kuu ya Windows inayojua nani ni nani ofisini. Na mwaka 2011, yaani kabla ya hapo, msimbo ulioandikwa ndani ya Microsoft ulikuwa umeshatumwa kwa Samba kama mchango. Ugomvi umeisha kimya kimya.

Tridgell alimaliza uzamivu wake mwaka 1999, kwa tasnifu ya mada nyingine. Samba haikuwa kazi ya darasani. Nalitaja hilo kwa wasee wanaodhani kitu kikubwa lazima kipitie kwa msimamizi.

Kuna watu watasema hii ni hadithi ya Wazungu na kampuni zao, inatuhusu nini sisi. Kumbuka kebo ya SEACOM ilianza kufanya kazi Mombasa Julai 2009. Kabla ya hapo data ilitoka nje kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza, huku waya uliokuwa ndani ya jengo ukiwa na kasi ya kutosha. Kwa hivyo hosteli, saiba na duka la movie walijenga intaneti yao ndogo: kompyuta moja yenye diski kubwa, folda moja iliyogawiwa, na humo movie, nyimbo, noti za masomo na programu za kuinstoli. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo ilikuwa shule ya kwanza ya mtandao. Folda ya kila mtu ilikuwa kitu kizuri. Tulichofanya ni kuibeba tabia hiyo hiyo hadi kwenye ofisi zenye siri za watu.

Mwaka 2017 dunia ilionyeshwa bei yake. Machi 14 Microsoft ilitoa marekebisho ya dosari katika SMB toleo la kwanza, lile la zamani. Mwezi uliofuata, mbinu ya kuitumia dosari hiyo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikavujishwa. Mei 12 programu ya WannaCry ikaanza kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia mlango huo, ikifunga faili na kudai fidia. Iligusa zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Siku chache baadaye Samba nayo ikatangaza dosari yake, iliyokuwemo tangu mwaka 2010. Ili kuitumia, mshambulizi alihitaji kitu kimoja: folda ambayo anaweza kuandika ndani. Ile ya 777, ya wageni bila paswedi.

Na bado SMB toleo la kwanza halijafa. Mashine nyingi za zamani za fotokopi hujua toleo hilo pekee zinapotupa karatasi kwenye folda, kwa hivyo ofisi huliacha likiwa limewashwa ili "Scan" isisimame. Ofisi moja niliyoitwa, folda hiyo ilikuwa na vitambulisho, pini za KRA na hati za mashamba za wateja wa miaka sita, na duka la jirani waliokuwa wakitumia WiFi hiyo hiyo waliweza kuifungua. Waliniambia ni sawa, hakuna mtu mbaya pale. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haiulizi kama jirani ni mtu mzuri. Inamtaka anayeshika taarifa za mtu azilinde. Na mwenye hati ya shamba hakuulizwa kama anataka jirani aione.

Kwa hivyo mimi nachukua mambo mawili katika miaka hii 40. Lugha ambayo mashine hutumia kugawana inafaa kuwa wazi kwa kila mtu, na watu walipigania hilo hadi mahakamani ili wewe mwenye kiofisi cha Kayole uweze kuwa na seva nzuri bila kulipa leseni. Mlango wa folda ni jambo jingine. Huo unafaa kuwa na orodha ya majina, na orodha hiyo haiwezi kuandikwa na kompyuta wala na fundi peke yake. Fundi hajui kama karani mpya anapaswa kuona mishahara. Anayejua ni wewe.

Wiki hii, fungua ile folda. Bonyeza upande wa ruhusa, usome majina. Ukikuta "Everyone", uliza waliomo humo ndani, kuanzia mwenye hati ya shamba, kama walikubali. Kisha uandike majina ya wanaohitaji, uwape kikundi, umpe fundi muda wa kutafuta mlango ambao haufunguki badala ya kuing'oa yote miwili. Mwanzoni kutakuwa na simu mbili tatu za "faili haifunguki". Hizo simu ni kufuli ikifanya kazi.